Jina la Bibi Yako kwa Penseli

Raya mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi. Ulinishika mkono ukasema shikamoo, nikaitikia marahaba huku macho yangu yako kwenye simu, natafuta habari za mvua ya njia ya Bidbid tutakayopita kesho. Kwa hiyo barua hii haianzi kwa salamu. Inaanza kwa aibu, maana nimejifungia sablani, chumba cha wageni, tangu baada ya Alasiri, mgeni hakuna hata mmoja, na nyumba nzima inajua kuwa najificha.

Nawasikia huko chumbani kwako. Mama yako anapima sanduku kwa ile mizani ya kuning'iniza, anasema limezidi. Mwanaidi kaziacha kazi zake za jikoni, anasema halikuzidi, mizani ndiyo mbovu. Wewe unacheka. Habari za soksi, dawa ya kifua, pasipoti na mtu wa kukupokea, yote hayo mama yako keshakwambia, na kesho atakwambia tena mpaka mlango wa uwanja wa ndege. Mimi nimekaa Ujerumani miaka sita na sina la kukuusia juu ya Ujerumani, isipokuwa kwamba baridi yake huanzia miguuni. Hilo nalo mama yako analijua bila ya kwenda.

Ninalotaka kukwambia ni jengine. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza tulikuwa garini tunatoka kwa daktari wa meno, nikafungua mdomo, nikaishia kusema matairi yamechakaa. Mara ya pili ulikuwa unakunja nguo, ukaniuliza kwa Kiarabu kama nataka kitu, nikasema hapana. Mara ya tatu sitaki hata kuisimulia. Mtu kaishi kwa kazi ya maneno miaka thelathini, na mbele ya binti yake hana hata moja! Bibi yako angecheka mpaka akohoe.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole, na ukikwama unakasirika. Ukikwama mpigie Mwanaidi, atakufahamisha. Singeweza kuandika haya kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ndicho nilichokitumia kumkosea mama yangu, na jambo lenyewe ni hilo.

Nusu ya kisa unaijua. Bibi yako alinileta huku Omani, hapa Ibra, kutoka Unguja mimi ni mtoto wa miaka kumi, baba yangu keshafariki, na yeye mkononi ana sindano. Alishona kofia. Wewe ulimkuta mzee, anashona kwa kupitisha siku, lakini mimi nilisomeshwa kwa zile kofia, tundu moja baada ya jengine, mpaka kidole chake cha shahada kikawa kigumu hakisikii moto. Serikali iliponipeleka Ujerumani kusomea uhandisi wa maji, alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe atarudi kuifufua mifereji ya mashamba, kila falaji iliyokauka itatiririka. Alikuwa anaamini kweli. Aliwaahidi watu.

Mwaka wa pili ikanyesha mvua. Sikuwa na mwavuli, nikaingia mlango wa karibu, kumbe ni darasa la falsafa. Niliingia kukimbia mvua tu, wallahi. Mzee mmoja alikuwa anazungumza habari ya mtu anavyojua anachokijua, na mimi nikakaa. Mvua ikakatika, sikutoka. Niliporudi nyumbani baada ya miaka sita ya Ujerumani, na minne tena ya Uingereza, bibi yako alinikumbatia, akanitazama juu mpaka chini, akawaambia majirani: "Mwanangu kaenda kusomea maji, karudi na upepo."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini ilinichoma, kwa sababu huko nilikotoka nilikuwa nimeshaanza kumwonea haya. Mama mwenye nyumba wangu wa Ujerumani aliniuliza siku moja, tunakunywa kahawa, mama yangu anafanya kazi gani. Nikasema mwalimu. Mpaka leo sijui kwa nini. Kushona kofia si wizi. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, ukatoka mdomoni kwa wepesi, na mwanamke yule akafurahi, akasema ndiyo maana nimesoma. Wewe nawe utaulizwa, Raya. Jibu utakavyo. Mimi nilijibu vibaya, na nilipokwisha kujibu vibaya mara moja, mara ya pili haikunipa tabu.

Sasa kazi yangu. Umekua ukiiona kama ugonjwa wa baba, kitu ambacho watoto wanaambiwa wasipige kelele karibu nacho. Mwalimu wangu wa Uingereza alinipa makala fupi niitoe katika Kijerumani niitie Kiingereza, akaipenda. Kisha mchapaji mmoja wa huko akanipa kitabu kizima cha Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili nyuma. Sentensi zake zinaanza ukurasa huu zinamalizikia ukurasa wa pili. Ilinichukua miaka kumi na moja. Hapa kwetu hakuna aliyenituma. Kazi ya kunilisha ilikuwa kufundisha Kiingereza chuoni Nizwa, na nilikuwa nikirudi Ibra kila Alkhamisi na daftari langu la sentensi zilizonishinda.

Hapo ndipo alipoingia bibi yako.

Ilianza kwa mchezo. Alikuwa amekaa kwenye jamvi lake karibu na dirisha la jikoni, kofia gotini, akaniona nimejishika kichwa. Akaniuliza, "Anasemaje leo Mjerumani wako?" Nikamwambia, kwa Kiswahili, kama mtu anavyosimulia umbea. Sindano yake ikawa inakwenda, inakwenda, halafu ikasimama.

"Hapo sikufahamu," akasema. "Na wewe hukufahamu. Unasema tu."

Alikuwa na haki. Nikarudi kwenye Kijerumani, nikakuta kweli nimeruka kitu. Nikamwambia tena. Sindano ikasimama pale pale. Mara ya tatu ikapita, hakuinua hata uso. Nikaandika Kiingereza changu palepale jikoni, juu ya mfuniko wa sufuria.

Tangu siku ile ikawa ndiyo kazi yetu ya Alkhamisi. Miaka kumi na moja, Raya! Hakuna sentensi nzito ndani ya kitabu kile ambayo haikupita kwanza kwa bibi yako kwa Kiswahili. Kuna sura moja, Mjerumani anaeleza kwamba sisi vitu tunavijua kwa namna vinavyotujia, lakini vyenyewe vilivyo hatuvifikii. Niliihangaikia miezi miwili. Bibi yako akachukua tende moja kwenye sahani, akaila, akafikiri. "Yaani tende yenyewe haijui kama ni tamu," akasema. "Utamu uko kwangu. Sasa hilo ndilo la kumkosesha mtu usingizi? Huyu bwana alikuwa na mke?"

"Hakuoa, mama."

"Si nimesema!"

Nikacheka, lakini usiku ule sura nzima ilifunguka. Kitabu kilipotoka, msomi mmoja aliandika kwenye jarida la huko kwamba mfasiri huyu ana jambo la ajabu, kwamba Mjerumani aliyekuwa haelezeki kwa vizazi anasikika kama mtu anayezungumza na mwenzake jikoni. Aliandika hivyo hasa, jikoni, bila kujua. Nilisoma makala ile mara nyingi sana. Sikumwonesha bibi yako.

Kabla ya kupiga chapa, niliandika ukurasa wa shukrani. Nilimtaja mwalimu wangu, chuo changu, ofisi iliyonipa likizo, na mwisho nikaweka mstari mmoja: na mama yangu, Bi Zuwena binti Hamed, aliyenifahamisha kitabu hiki. Nikapeleka. Baada ya wiki mhariri, kijana mstaarabu kabisa, akaniandikia kuuliza huyu bibi ni wa chuo kikuu gani, na kama alinisaidia kufasiri basi ni lazima waeleze kwa njia gani, maana anajua Kijerumani?

Basi. Swali tu. Hakunikataza. Ningejibu: mama yangu anashona kofia Ibra, hajui Kijerumani wala Kiingereza, na bila yeye kitabu hakipo. Maneno hayo nimeshayaandika kichwani mwangu kwa lugha nne. Siku ile, akilini mwangu, nilimuona mhariri anacheka na wenzake. Niliona watu wakisema, kumbe falsafa yetu imepitia jikoni Uarabuni. Nikajibu ndani ya dakika tano kwamba ni mambo ya kifamilia tu, mstari huo utolewe. Na wakautoa.

Sanduku la vitabu lilipofika, ulikuwa na miaka kumi. Pengine unakumbuka, ulilikata wewe kwa kisu cha jikoni, mama yako anapiga makelele. Bibi yako alikichukua kimoja, akakibusu, akakiweka kwenye paji la uso. Kisha akasema, "Nasikia Waingereza vitabu vyao huvianza kwa kushukuru watu. Hebu nisomee."

Nikafungua, nikamsomea. Nikamtaja mwalimu, nikakitaja chuo, nikaitaja ofisi. Na nilipofika mwisho wa ukurasa mdomo wangu ukaendelea wenyewe: "Na mama yangu, Bi Zuwena binti Hamed, aliyenifahamisha kitabu hiki."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Lakini nilikuwa na hofu, Raya, na mtu mwenye hofu hupamba. Nikasema, "Na mama yangu mpenzi, Bi Zuwena, aliyenivumilia na kunisikiliza kila neno."

Akaniinulia macho. "Mara ya kwanza hukusema hivyo."

Nikacheka kisomi. Nikamwambia, mama, ndivyo tafsiri ilivyo, neno moja laweza kwenda hivi na laweza kwenda vile. Mwanamke aliyenisikiliza miaka kumi na moja, anayejua sentensi imepita au haijapita kabla mimi mwenyewe sijajua, nikamwambia maneno kama hayo! Akasema, "Haya." Akakifunga kitabu ndani ya kanga, akakitia kashani kwake. Asante ya punda mateke. Punda ndiye mimi.

Mwaka mzima hakukitaja. Na mimi nikawa simuulizi. Kila Alkhamisi nilikuja na kahawa na habari za Nizwa, lakini sikuja tena na sentensi. Nilimwambia kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, nilikuwa nimepewa kitabu cha pili, ila sikuweza kukaa mbele ya sindano ile. Kitabu cha pili nilikifanya peke yangu, na kilitoka kigumu kama mbao. Hakuna aliyekisoma.

Halafu ghafla, siku moja narudi, namkuta na wageni wawili wa kike kutoka Bidiya, kitabu kiko gotini kwake. Anawaambia, "Humu nimo mimi. Mkibisha muulizeni Raya." Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sinia la kahawa, hukunitazama. Mimi nikapumua. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kumbe kaniamini. Miezi michache baadaye akafariki, nikamzika nikiwa nimepumua hivyohivyo.

Hapo ndipo wewe ulipoanza kuniacha. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Nilidhani ni msiba. Kisha nikadhani ni umri. Kisha nikadhani ni kule kukusahihisha kwangu, na pengine na hilo limo. Ulikuwa ukinijia mbio na neno, nami nalikamata neno, wewe nakuacha umesimama. Hukusema sentensi ya Kiswahili mbele yangu bila ya mimi kuligeuza neno moja. Ukahamia Kiarabu, ambako mama yako hasahihishi mtu. Madaftari ya skuli ukawa hunioneshi. Ukasema unataka kusomea uhandisi wa maji, nikasikia kwa mama yako. Ukajifunza Kijerumani kwenye kompyuta, chumba cha pili, baba yako mfasiri wa Kijerumani amekaa sablani anakusikia kupitia ukutani. Nilikuwa nasahihisha kimyakimya. Sikujua la kufanya, Raya. Ningejua ningefanya.

Sasa nakuja kwenye leo.

Baada ya Alasiri Mwanaidi kaingia hapa na kitabu kilichofungwa kwa kanga. Unamjua anavyosimama akiwa na neno, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Baba Raya," akasema, "mama Raya kasema sanduku limezidi, vitabu vitolewe. Kasema Ujerumani vitabu vipo, halua ndiyo haipo. Raya hajajua. Mimi nimeona hiki nikuletee wewe."

Nikamwambia akiweke. Hakukiweka. Akanikabidhi mkononi.

"Kifungue," akasema.

Raya, tangu siku ile ya sanduku mimi sijapata kukifungua kitabu kile cha bibi yako. Nilijua alipofariki ulikitaka wewe, nikasema kichukue. Sikujua kama unakwenda nacho. Nikakifungua leo, na kikafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa shukrani, maana ndipo kilipozoea. Chini kabisa, baada ya chapa kwisha, pana mstari wa penseli kwa herufi za Kiarabu, herufi kubwa kubwa za mtoto, zinapanda kwenda juu: na bibi yangu Zuwena binti Hamed, aliyemfahamisha baba.

Mwanaidi ndiye aliyenieleza.

"Wewe ulikuwa Nizwa. Bibi alimwita mtoto, akamwambia, nisomee pale baba yako aliponishukuru. Raya akautazama ule ukurasa, akautazama. Akasema, bibi, hapa kuna kiza, ngoja nikasomee nje. Akatoka nacho. Akakaa. Mimi nilimuona anatafuta penseli kwenye mkoba wake wa skuli. Akarudi, akasoma. Bibi akasema rudia. Akarudia neno kwa neno, hakubadilisha. Bibi akasema nioneshe. Akamuwekea kidole pale pale, na bibi si anazijua herufi za msahafu? Akasoma mwenyewe."

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akambusu. Alipotoka mtoto akanambia, Mwanaidi, umeona wapi kitabu cha mwanangu kikaniita bibi? Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akalia. Akasema, mtoto kamsitiri baba yake. Na mimi nitamsitiri vilevile. Akaniapisha nisikwambie."

"Na leo?"

"Leo mtoto anaondoka, baba Raya. Mimi nirudi Tanga na siri zenu?"

Akatoka. Nikaenda msalani, nikafungua bomba la maji, nikalia. Mwanaume wa umri wangu. Mama yako akagonga akauliza kama naumwa tumbo, nikasema ndiyo.

Kwa hiyo bibi yako alijua. Alijua tangu mara ya pili niliposoma, ndiyo maana akakutafuta wewe. Alijua alipowaambia wageni wa Bidiya, humu nimo. Hakusema uongo, alikuwemo, wewe ulimtia. Alikaa na mimi miezi ile yote, akinimiminia kahawa, akiniuliza habari za Nizwa, na anajua. Na mimi nadhani nimemficha! Majuto ni mjukuu, watu husema. Nimewasikia wakisema maisha yangu yote, na sikufikiri kwamba mjukuu mwenyewe angekuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa.

Utauliza kwa nini sikutengeneza mapema. Nilijaribu, tena kabla ya leo. Bibi yako alipofikisha arubaini kaburini nilimwandikia mchapaji, nikamwambia kuna mstari nataka urudishwe chapa ijayo. Sikujibiwa. Nikaandika tena mwaka juzi. Kampuni imeshauzwa, mhariri wangu hayupo, na aliyenijibu akasema kwa adabu kwamba kitabu changu hakitapigwa chapa tena. Wanataka tafsiri mpya, itaanzwa na mashine, kisha mtu ataipitia. Akaniuliza kama ningependa kuwa mtu huyo wa kuipitia. Sikumjibu mpaka leo. Sina hasira na mashine. Nimekaa tu najiuliza nani atakuwa amekaa mbele yake na sindano.

Basi hali ndiyo hiyo. Bibi yako siwezi kumwomba radhi. Kitabu siwezi kukitengeneza. Wewe siwezi kukuzuia, wala sitaki. Dunia nzima pana nakala moja tu yenye jina lake, na jina lenyewe liko kwa penseli, limeanza kupauka pembeni kwa kushikwa. Nilichukua kalamu ya wino niupitishie mstari wako usifutike. Nikaiweka ncha juu ya herufi ya kwanza. Mkono ulikataa. Ule ni mwandiko wako, mimi nimeshaharibu vya kutosha kwenye ukurasa ule. Nimeurudisha wino mahali pake.

Sikuombi unisamehe kwa barua, najua watu wasomi tunavyopenda kumaliza mambo kwa barua. Nataka ujue tu kwamba najua. Kwamba umebeba mzigo wangu miaka minane, mtoto wa skuli ya msingi, na hukunifedhehesha hata mbele ya mama yako. Kila uliponijibu "sawa, baba" na kuondoka, nilidhani huna la kuniambia. Kumbe ulikuwa umenyamaza kwa ajili yangu.

Adhana ya Magharibi imekwisha, mama yako ananiita. Nitangoja mtoke chumbani mwako, niingie. Nitakirudisha kitabu sandukuni, chini kabisa, kati ya masweta, ndani ya kanga yake, na barua hii itakuwa kwenye ukurasa ule. Ili mizani isiseme, nitatoa kopo moja la halua, nilifiche chini ya kitanda changu. Ukifika ukikuta moja badala ya mawili, mwizi ni mimi, na mama yako usimwambie. Unajua kusitiri.

Kesho alfajiri nitakuendesha mpaka Maskati. Najijua. Nitazungumza habari za matairi. Tukifika Bidbid nitauliza kama pasipoti ipo, utasema ipo, na hapo tutakuwa tumemaliza mazungumzo yetu. Nitakushika mkono mlangoni na nitatazama saa. Usinichukulie vibaya, sijui namna nyengine. Wewe hutakuwa umeisoma hii bado, na mimi nitajua kuwa hujaisoma, na sitakuwa na ujasiri wa kukwambia ifungue.

Ila ukishafika, ukishalala, ukishakula, siku yoyote utakayotaka, nipigie simu. Usiniulize hali. Fungua ukurasa ule unisomee, kama ulivyomsomea yeye, kuanzia mwalimu wangu mpaka kwenye penseli. Nitakuwa nimekaa pale pale alipokaa, kwenye jamvi la dirisha la jikoni, nimemwambia Mwanaidi anyamazishe masufuria. Soma taratibu. Ukifika kwenye "bibi yangu", sema hivyohivyo, bibi yangu.

Sitakusahihisha.

Baba yako